Barua za mfungwa wa kivita anayesubiri kuachiliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia yenye ndugu aliyetekwa vitani, yuko kambini, na siku ya kutoka haijulikani. Baadhi ya majibu yanamhusu mfungwa mwenyewe. Mtaani wengi humwita "mateka". Humu tunasema mfungwa wa kivita, kwa sababu mateka pia ni mtu aliyeshikwa ili wengine wadai fidia, na mtu wa namna hiyo sheria haimpangii barua. Mfungwa wa kivita imempangia. Sheria yenyewe ni Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, na pale tunapotaja kifungu bila kueleza zaidi, ni cha mkataba huo.

Kuandika nyumbani ni haki au ni hisani ya mkuu wa kambi?

Ni haki. Kifungu cha 71 kinampa mfungwa barua 2 na kadi 4 kila mwezi, bila kuhesabu kadi ya kutekwa tutakayoieleza hapa chini. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kambi inaweza kuruhusu zaidi, na ikitaka kupunguza haina budi kuonyesha kwamba imekosa wakalimani wa kutosha kukagua barua, tena si yenyewe inayoamua kama sababu hiyo inatosha. Anayeamua ni dola mlinzi, yaani nchi isiyo upande wowote iliyokubaliwa kusimamia masilahi ya wafungwa. Siku hizi dola mlinzi ni nadra kuteuliwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC.

Barua haizuiliwi wala kucheleweshwa kama adhabu. Hata mfungwa aliyewekwa kwenye chumba cha adhabu anaendelea kuandika na kupokea barua (kifungu cha 98). Vinavyoweza kushikiliwa mpaka adhabu iishe ni vifurushi na fedha, na vyakula vinavyoharibika upesi hukabidhiwa mwakilishi wa wafungwa avipeleke zahanati ya kambi.

Na sisi huku nyumbani, tuna kikomo cha barua?

Nchi iliyomshika haina mamlaka ya kuwawekea kikomo. Kama kikomo kitawekwa, ni nchi ambayo mfungwa alikuwa akiipigania ndiyo yenye uwezo huo, pengine kwa ombi la waliomshika. Lakini kumbukeni kwamba kila ukurasa mnaotuma lazima usomwe na mtu. Barua moja fupi kila baada ya wiki mbili hufika upesi kuliko kurasa kumi zilizotumwa kwa mpigo mmoja.

Habari ya kwanza itatufikiaje?

Kwa kadi ya kutekwa. Kifungu cha 70 kinataka mfungwa apewe nafasi ya kuijaza mara tu anapotekwa, na kwa vyovyote isipite wiki moja tangu afike kambini, hata kama kambi hiyo ni ya kupitia tu. Anajaza moja kwa ajili ya familia, na nyingine kwa ajili ya ofisi ya ICRC ya kutafuta watu iliyoko Geneva. Hujazwa upya kila anapohamishwa kambi au kulazwa hospitali. Kwa hiyo msishtuke kadi ya pili ikifika mwezi mmoja baada ya ya kwanza. Angalieni anwani, kwa kuwa huenda imebadilika.

Mfano wa kadi hiyo umechapishwa mwishoni mwa mkataba. Ni karatasi ya sentimita 15 kwa 10.5, yenye nchi aliyoipigania, majina yote, jina la baba, tarehe na mahali alipozaliwa, cheo, namba ya jeshi, anwani ya ndugu wa karibu, tarehe aliyotekwa, hali ya afya, namba yake ya ufungwa na jina la kambi, kisha tarehe na sahihi.

Kadi imefika lakini haina hata salamu. Mistari mingine imekatwa kwa kalamu. Kuna jambo linafichwa?

Hapana. Kadi ya kutekwa ina orodha ya hali za afya: mzima, hakujeruhiwa, amepona, anapata nafuu, mgonjwa, amejeruhiwa kidogo, amejeruhiwa vibaya. Mfungwa anatakiwa kukata zisizomhusu, na kadi yenyewe inamkataza kuongeza neno lolote. Kwa hiyo kilichobaki bila kukatwa ndicho cha kusoma. Familia nyingi husoma kinyume: zinaona "amejeruhiwa vibaya" lina mstari juu yake na kudhani limepigiwa mstari ili kusisitiza. Itazameni kadi kwenye mwanga mzuri, mtu zaidi ya mmoja, kabla ya kumpigia simu mama yake.

Tuandike anwani vipi?

Nakilini anwani ya kwenye kadi herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, kwa herufi kubwa. Vitu vinne havikosekani: majina kamili, cheo, namba ya ufungwa, na jina au namba ya kambi. Namba ya ufungwa ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Kambini wanaweza kuwapo wanaume sita waitwao Hassan Juma, lakini namba ni ya mmoja.

Majina yetu ndiyo yanayopoteza barua nyingi. Mtu ameandikishwa jeshini kwa jina la ubatizo na jina la babu, nyumbani anaitwa kwa jina la ukoo, kitambulisho kina majina matatu kwa mpangilio mwingine, na aliyemwandikisha kambini ameandika alivyosikia. Salum akawa Salim, Mohamed akawa Muhammad, "r" ikawa "l". Tumieni tahajia ya kambi hata kama ina kosa, na chini yake ongezeni jina sahihi la kwenye kitambulisho. Msisahihishe kwa kufuta. Tarehe ya kuzaliwa andikeni mwezi kwa neno, "4 Machi 1998", kwa sababu 04/03 kuna nchi wanaisoma Aprili 3.

Tunahitaji stempu?

Barua za wafungwa wa kivita, zinazokwenda na zinazorudi, hazilipiwi posta (kifungu cha 74), na mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unasema hivyo pia. Ada ya ziada ya ndege haimo kwenye msamaha huo. Juu ya bahasha huandikwa maneno ya Kifaransa "Service des prisonniers de guerre", ambayo ndiyo lugha rasmi ya posta za kimataifa. Karani wa posta ya wilayani huenda hajawahi kuona bahasha ya namna hii. Mwombeni kwa upole amuite mkuu wake badala ya kubandika stempu na kuondoka, au mtumie njia ya Msalaba Mwekundu iliyoelezwa hapa chini. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni nini, na tunautumaje?

Ni barua ya wazi kwenye fomu maalumu, isiyofungwa ndani ya bahasha, yenye habari za kifamilia tu. Hubebwa na ICRC pamoja na vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, hasa pale posta isipofanya kazi. Ni bure kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu yeyote akidai nauli, "hela ya mafuta" au muamala wa M-Pesa ili afikishe barua, huyo ni tapeli, hata kama amevaa fulana yenye nembo.

Nendeni tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu, mkaulize kitengo cha kutafuta na kuunganisha familia. Beba kitambulisho chako, nakala ya kadi ya kutekwa kama ipo, na maelezo ya ndugu yako: majina matatu au zaidi, jina la baba na la mama, tarehe na mahali alipozaliwa, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Fomu ina sehemu ya mtumaji, sehemu ya mpokeaji, nafasi ya ujumbe, na nafasi ya majibu. Ile ya majibu iacheni wazi, ni yake. Mara nyingi fomu hupigwa picha na kutumwa kwa kompyuta, kwa hiyo andikeni kwa peni ya wino mweusi au wa bluu, msitumie penseli, na msibane maneno pembezoni. Asiyejua kuandika asione haya. Mtu wa kujitolea humwandikia, humsomea tena alichosema, naye huweka dole gumba.

Kabla ya kuondoka acheni namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu asiyehamahama, kama mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, padri au imamu. Majibu mengi hukwama dakika ya mwisho kwa sababu familia ilibadili laini.

Tuandike nini?

Andikeni habari za nyumbani kwa sentensi zilizonyooka. Nani yuko salama, nani amezaliwa, nani anasoma darasa gani, mahindi yametoka gunia ngapi, paa limeshaezekwa, mbwa amezaa. Mtu aliyefungiwa hula habari ndogondogo. "Sote hatujambo, tunakuombea" ikirudiwa barua tano mfululizo inamwacha na njaa, na baadaye humtia wasiwasi kwamba kuna jambo anafichwa.

Juu ya kila barua andikeni tarehe na namba yake kwa maneno: "Barua ya saba". Chini yake semeni zipi zake mmepata: "Tumepokea kadi yako ya 12 Mei". Barua hazifiki kwa mpangilio. Ya nne hutangulia ya pili, na bila namba mfungwa anaweza kusoma kwamba mama yake ametoka hospitali kabla ya kujua kwamba alilazwa.

Yasiyofaa ni haya: majina ya vikosi, mahali walipo askari, silaha, njia, madaraja, bei za mafuta kambini mwa jeshi, siasa za nchi yoyote kati ya mbili zinazopigana, na matusi kwa waliomshika. Kutaja hata kwa nia njema kwamba "rafiki yako fulani amehamishiwa mpakani" kunatosha barua nzima kuzuiliwa, na pengine ndugu yenu kuitwa kuhojiwa.

Picha mara nyingi huruhusiwa. Chagueni ya watu, isiwe na mtu aliyevaa sare, gari la jeshi, uwanja wa ndege wala bango la siasa nyuma yake. Msiandike mgongoni mwa picha zaidi ya majina na mwaka.

Tunaweza kuandika kwa Kiswahili?

Ndiyo. Kifungu cha 71 kinasema mfungwa kwa kawaida aandike kwa lugha yake ya kwanza, na nchi zinaweza kuruhusu nyingine. Lakini barua ya Kiswahili iliyofika kambi iliyo mbali na kwetu inasubiri mkalimani, na mkalimani huyo huenda alijifunza Kiswahili darasani. Mwandikieni mtu huyo pia. Kiswahili sanifu, bila Sheng, bila lugha ya vijiweni, bila kuchanganya na lugha ya kabila katikati ya sentensi.

Hapa ndipo uzuri wa lugha yetu unapotugeuka. Mafumbo, methali, vipande vya mashairi na maneno ya kanga humfanya mkaguzi adhani anasoma siri. Familia ikiandika "mgeni wetu ameshaingia na mvua" ikimaanisha mtoto amezaliwa masika, mkaguzi huona taarifa ya kijeshi. Andikeni: "Mke wako amejifungua mtoto wa kike tarehe 9 Aprili. Ana kilo 3. Tumempa jina la bibi yake."

Saa zetu nazo ni mtego. "Tulifika saa mbili" kwetu ni asubuhi na mapema au usiku umeanza, kwa msomaji wa kamusi ni saa nyingine kabisa, na tarehe zisizolingana na saa huzua maswali. Semeni asubuhi, adhuhuri, jioni, inatosha.

Majina ya undugu yaelezeni mara ya kwanza. Baba mkubwa, baba mdogo na baba mzazi wote ni "baba", na mkalimani anayekuta baba watatu katika barua moja, mmoja amekufa na wawili wanalima, hawezi kuelewa. "Baba mdogo Rashidi, mdogo wake baba" ikishaandikwa mara moja, barua zinazofuata zitapita.

Kwa nini majibu yanachukua muda mrefu hivyo?

Hesabuni vituo. Mfungwa anaandika siku ambayo karatasi zimegawiwa. Mkaguzi wa kambi anasoma, au inapelekwa mji mwingine kusomwa. Inavuka kwenda nchi ya tatu kwa sababu nchi zinazopigana hazipeani posta moja kwa moja. Nchi inayopokea nayo ina haki ya kukagua. Kisha mtu anaibeba mpaka kijijini. Kifungu cha 76 kinasema ukaguzi ufanywe upesi, na kila upande ukague mara moja tu, lakini hakikutaja siku. Wiki chache ni mwendo mzuri. Miezi kadhaa si ajabu.

Kinachochelewesha zaidi, na ambacho mnaweza kukizuia, ni urefu, mwandiko mbaya na anwani yenye shaka. Fomu ya barua iliyopendekezwa na mkataba ni sentimita 29 kwa 15 tu, na kadi ni 15 kwa 10. Vipimo hivyo vinaonyesha kiasi kinachotarajiwa.

Barua imefika ikiwa na mistari iliyopakwa wino mweusi. Tufanye nini?

Msimuulize kilikuwa nini. Akijibu, jibu nalo litafutwa, na safari hii barua nzima inaweza kubaki. Jibuni sehemu zinazosomeka.

Anasema anakula vizuri na anatendewa vyema. Tuamini?

Barua inasomwa na waliomshika kabla yenu, na yeye anajua hivyo. Ichukueni kama ushahidi wa mambo mawili: yu hai tarehe ile, na mkono ni wake. Mwandiko, jina la utani la nyumbani, kumbukumbu ndogo ambayo mtu mwingine hawezi kuijua, hivyo ndivyo vya kutafuta. Hali ya kambi hutazamwa na wajumbe wa ICRC wanaporuhusiwa kuingia. Wao huzungumza na kila mfungwa faragha, humwandikisha kwa jina, na hurudi tena. Wanayoyaona huwaambia wakuu wa nchi husika kwa siri, si familia wala vyombo vya habari. Familia nyingi hukasirishwa na siri hiyo, na tunaelewa uchungu wao, lakini ndiyo inayowafungulia lango mara ya pili.

Tafadhali msimpe mtego wa maneno wa kujibu kwa ishara ("ukiteswa taja shangazi"). Ikigunduliwa, atakayeulizwa ni yeye.

Hatujapata kadi wala barua. Miezi inapita.

Kukosa barua kuna sababu nyingi, na kifo ni moja tu kati yake. Huenda yuko kambi ya muda, amelazwa, alitoa anwani ya nyumba mliyohama, au nchi iliyomshika haijapeleka orodha. Kila nchi vitani inatakiwa kuwa na ofisi ya habari za wafungwa (kifungu cha 122), nazo hupeleka majina Geneva. Kwa vita vya Urusi na Ukraine, ICRC ilifungua ofisi maalumu ya kazi hiyo Machi 2022.

Fungueni ombi la kutafutwa kupitia chama cha kitaifa cha Msalaba Mwekundu. Mwombaji awe mmoja kwa niaba ya ukoo. Maombi matatu ya mtu mmoja kwa tahajia tatu huzaa faili tatu, na taarifa ikipatikana hubandikwa kwenye moja. Kama mmeiona video yake mtandaoni, hifadhini kiungo, tarehe na picha ya skrini, mkabidhi kwenye faili. Msiisambaze. Kifungu cha 13 kinamlinda mfungwa dhidi ya kutukanwa na kuanikwa hadharani, na kila anayeisukuma mbele video hiyo anaongeza madhara.

Tunaweza kutuma kifurushi? Cha uzito gani?

Kifungu cha 72 kinaruhusu chakula, nguo, dawa, vitu vya ibada, vya masomo na vya michezo. Msamaha wa posta unafika kilo 5 kwa kifurushi, na kilo 10 kama kilichomo hakigawanyiki au kimeandikwa kwa jina la kambi au la mwakilishi wa wafungwa ili kigawiwe wote. Ushuru wa forodha hautozwi. Vitabu visichanganywe na nguo au chakula, mkataba wenyewe umekataza, kwa hiyo Kurani au Biblia ipelekwe peke yake. Dawa kwa kawaida hupelekwa kwa pamoja kwa kambi nzima. Ukaguzi hufanywa mbele ya mfungwa mwenyewe au mwenzake aliyemwakilisha, kwa hiyo andikeni orodha ya vilivyomo, nakala moja ndani na moja kwenye barua.

Tunashauri soksi, sabuni, miswaki, sweta, miwani kwa kipimo chake cha zamani. Samaki mkavu, asali kwenye chupa na chochote cha kioevu huharibu kifurushi kizima.

Mzazi wake amefariki. Tumwambie?

Mwambieni, na mapema. Akisikia kwa mfungwa mgeni aliyetoka kijiji jirani, hataamini tena barua zenu. Andikeni wazi: nani, tarehe gani, kwa ugonjwa gani, kazikwa wapi, nani alisimamia mazishi, mjane au yatima yuko kwa nani. Msianze na "mama anaumwa kidogo" mkitaka kumzoesha taratibu, kwa kuwa barua ya pili inaweza kutangulia. Mkipeleka fomu Msalaba Mwekundu mwambieni mhusika kwamba ndani kuna habari ya msiba, aliyepewa kazi ya kuifikisha ajiandae. Na katika barua hiyohiyo wekeni mambo ya uhai: mtoto fulani amefaulu, nyumba haijauzwa.

Shamba, ada, mafao: nani anasaini wakati hayupo?

Yeye mwenyewe anaweza, kutoka kambini. Kifungu cha 77 kinaitaka nchi iliyomshika kurahisisha upitishaji wa hati za kisheria, hasa wosia na hati ya uwakilishi, na kumruhusu kumwona mwanasheria inapowezekana. Andaeni hati nyumbani kwa wakili, fupi, ikitaja jambo moja moja ("kupokea mshahara", "kusaini mkataba wa kukodisha shamba la ekari mbili"), tumeni kupitia ICRC, naye asaini mbele ya shahidi. Hati inayosema "mambo yangu yote" huleta ugomvi wa ukoo. Mwajiri au mfuko wa pensheni ukitaka uthibitisho kwamba kafungwa, ombeni ICRC hati ya kuthibitisha. Huitoa kwa mtu iliyemwandikisha.

Kijana wetu alikwenda nje akajikuta kwenye jeshi la nchi nyingine. Haki hizi ni zake?

Akiwa ameandikishwa rasmi katika jeshi la moja ya nchi zinazopigana, uraia wa Kenya, Tanzania au Uganda haumwondolei hadhi ya mfungwa wa kivita. Neno "mamluki" hutupwa ovyo. Kwa Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba ya Geneva, kifungu cha 47, mamluki lazima atimize masharti yote sita, na moja ni kwamba asiwe askari wa jeshi la upande unaopigana. Hata anayekosa hadhi ya mfungwa wa kivita bado analindwa dhidi ya mateso na hukumu bila kesi. Palipo na shaka, kifungu cha 5 kinataka alindwe kama mfungwa wa kivita mpaka mahakama iamue. Pelekeni habari wizara ya mambo ya nje na Msalaba Mwekundu, siku moja, kwa maelezo yanayofanana.

Vita vya ndani ya nchi moja, kama vya serikali na waasi, havina hadhi ya mfungwa wa kivita. Huko Itifaki ya Pili, nayo ya 1977, kifungu cha 5, inawaruhusu walioshikwa kuandika na kupokea barua, ila idadi hupangwa na wanaowashikilia. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ndio huo huo. Wasomaji wa Kivu na Ituri wanaufahamu.

Vita vimekwisha. Mbona hajaachiliwa?

Kifungu cha 118 kinasema waachiliwe bila kuchelewa mapigano yakikoma, bila kungoja mkataba wa amani. Utekelezaji umekuwa mwingine. Iran na Iraki ziliacha kupigana Agosti 1988, wafungwa wengi wakarudi 1990. Wamoroko 404 wa mwisho walioshikwa na Polisario, wapiganaji wa uhuru wa Sahara Magharibi, waliachiliwa Agosti 2005, miaka 14 baada ya mapigano kusimamishwa. Ethiopia na Eritrea zilitia saini amani Desemba 2000, na wengine walikaa hadi 2002. Hata hapa Kenya, Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia 1941 wakawekwa Nanyuki, Gilgil na Londiani, nchi yao ilisalimu amri Septemba 1943 nao wengi wakabaki mpaka baada ya 1945. Kanisa dogo lililo kando ya mteremko wa Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao.

Sababu hurudiarudia: wafungwa hutumika kama karata ya mazungumzo, orodha hazilingani, meli au ndege hazipo, au wengine wana kesi za jinai. Wagonjwa mahututi na majeruhi wabaya hawapaswi kungoja, wao hurudishwa hata vita vikiendelea (kifungu cha 109). Kama ndugu yenu ni wa kundi hilo, vyeti vya hospitali vya zamani vipelekwe kwenye faili lake sasa.

Katika barua za kipindi hiki, msimwandikie tarehe. "Tumesikia mtatoka wiki ijayo" ni sentensi inayovunja watu kambini kuliko habari ya msiba, kwa sababu inarudi kila mwezi. Andikeni mnayoyafanya nyumbani leo.

Jina lake limo kwenye orodha ya kuachiliwa. Tuendelee kuandika?

Barua fupi, ndiyo, mpaka avuke. Vifurushi simamisheni. Anapohamishwa kambi anatakiwa kuarifiwa mapema pamoja na anwani mpya ili awajulishe, na posta yake ifuatishwe (kifungu cha 48). Katika kurudi nyumbani anaruhusiwa kubeba vitu vyake, barua na vifurushi alivyopokea, angalau kilo 25 ikiwa uzito utawekewa kikomo (kifungu cha 119). Mwambieni mapema afunge barua zenu pamoja, juu ya mzigo, kwa kuwa upekuzi wa mwisho hufanywa haraka na karatasi zilizotawanyika ndizo huachwa.

Kabla ya safari, ICRC ikihusika, humuuliza faragha kama anataka kurudi kwa hiari yake. Kwenye barua elezeni wazi nani atampokea, mji gani, simu ipi inayopatikana, na nyumba iko wapi kama mmehama. Barua zilizokuwa njiani zitaendelea kuwafikia, pengine akiwa ameshakaa mezani nanyi. Zikifika, mpeni azifungue yeye.